Mchezo Uliovuka Usiku wa Pasaka



Juma hili nimepokea picha kutoka Marekani, nami sikuweza kuiweka kando. Inaonyesha uwanja wa michezo uliobomolewa: vifusi vya zege, nondo zilizopinda, na pale palipokuwa na nyasi pamebaki tope lililokanyagwa na matingatinga. Aliyenitumia ni binti wa mzee mmoja aliyekuwa mwenyeji wangu miaka ile nilipokuwa masomoni huko. Chini ya picha ameandika maneno machache tu: "Hapa ndipo alipokuwa akiketi baba." Uwanja huo uliitwa McCoy Stadium, katika mji wa Pawtucket, jimbo la Rhode Island. Ulifunguliwa mwaka 1942, na umebomolewa mwaka 2025 ili mahali pake pajengwe shule ya sekondari.

Mzee huyo, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka visiwa vya Cape Verde, na alifanya kazi katika kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kilipofungwa. Pawtucket ni mji wa viwanda vya nguo. Huko ndiko pamba ilikoanza kusokotwa kwa nguvu za maji nchini Marekani, katika miaka ya 1790. Nilipofika, viwanda vingi vilikuwa magofu ya matofali mekundu kando ya mto. Kilichobaki kikiwa hai, kwa maneno ya Mzee, kilikuwa Kanisa, duka la mikate, na timu ya besiboli.

Jioni moja ya kiangazi alinichukua kwenda kuitazama timu hiyo. Sikuujua mchezo. Alinieleza kwa subira kwamba timu mbili za watu tisa hupokezana zamu ya kupiga mpira kwa gongo. Anayepiga hukimbia kuvizunguka vituo vitatu, na akirudi salama pale alipoanzia huipatia timu yake pointi. Kila timu ikiisha kupata zamu yake, mzunguko mmoja umekamilika. Mizunguko ni tisa, na hakuna sare. Timu zikilingana, huongezwa mzunguko mwingine, na mwingine, mpaka mmoja ashinde.

Pawtucket walikuwa wakicheza vizuri sana usiku ule. Nami, niliyelelewa katika soka, nikauliza swali ambalo yeyote kati yenu angeliuliza: "Mzee, hawa wakishika nafasi ya kwanza watapanda daraja lini?"

Alicheka mpaka akavua kofia. "Mwanangu," akasema, "huku timu haipandi. Hupanda watu."

Sikumwelewa mpaka baadaye kidogo, tulipotangaziwa kwamba mpigaji hodari kuliko wote wa Pawtucket hatakuwapo tena, kwa kuwa ameitwa Boston. Nilidhani watu watanung'unika. Wakasimama na kupiga makofi. Wachezaji wote wale walikuwa mali ya timu kubwa ya Boston Red Sox, iliyo mwendo wa kama saa moja kwa gari. Boston ndiyo iliyowalipa mishahara, ikawapangia makocha, ikaamua nani acheze na nani apumzike. Mji wa Pawtucket ulitoa uwanja, sauti na upendo. Timu ingeweza kushinda michezo yote ya msimu, na mwaka unaofuata ingebaki palepale, katika ngazi ileile, ikilea watoto wa mwingine.

Tangu siku ile nimesoma mengi juu ya ligi hizi ziitwazo ndogo, kwa sababu jibu la Mzee lilinisumbua. Nimegundua kwamba hazikuzaliwa hivyo. Tarehe 5 Septemba 1901 wakuu wa ligi za miji midogo walikutana Chicago wakaunda chama chao. Ligi mbili kubwa zilikuwa zikipigana na kunyang'anyana wachezaji, na hao wadogo waliogopa kukanyagwa, kama nyasi wapiganapo fahali wawili. Timu zao zilikuwa zao kweli. Mchezaji akiwa hodari, timu kubwa ilipaswa kuja na fedha na kumnunua, na fedha hizo ziliendesha timu ya mji kwa msimu mwingine.

Aliyebadili hayo ni Branch Rickey, mtu mwenye akili kali, aliyeiongoza timu ya St. Louis Cardinals. Katika miaka ya 1920 aliona kwamba timu yake haina fedha za kushindana sokoni, akaamua kutonunua ng'ombe waliokomaa bali kufuga ndama. Akaanza kununua timu ndogo zenyewe, au kuingia nazo mikataba, hata ilipofika mwaka 1940 Cardinals walikuwa na timu zaidi ya 30 chini yao. Wamarekani waliuita utaratibu huo mfumo wa mashamba, na neno hilo lasema yote. Kamishna wa besiboli wa wakati huo, Jaji Kenesaw Mountain Landis, aliuchukia. Mwaka 1938 aliwaachilia huru wachezaji zaidi ya 70 waliokuwa wamefungwa katika mashamba ya Cardinals. Lakini timu nyingine zilikuwa zimekwisha kuiga, na mto haukurudi nyuma.

Nisingependa kumhukumu Rickey kwa jambo hilo pekee. Baadaye alihamia Brooklyn Dodgers, na ni yeye aliyemsajili Jackie Robinson, Mweusi, wakati Weusi walikuwa wamefungiwa mlango wa ligi hizo kwa zaidi ya nusu karne. Wengi hukumbuka tarehe 15 Aprili 1947, Robinson alipoingia uwanjani Brooklyn. Wachache hukumbuka kwamba mlango ulifunguliwa kwanza katika ligi ndogo. Mwaka mmoja kabla, tarehe 18 Aprili 1946, alicheza mchezo wake wa kwanza akiwa na Montreal Royals, huko Jersey City. Alipiga vizuri mara nne kati ya tano, moja likiwa pigo lililovuka uzio wa uwanja na kuleta pointi tatu, na timu yake ikashinda 14 kwa 1. Mzee aliipenda habari hiyo kuliko zote. Alisema baba yake aliisimulia kana kwamba ni jamaa yao aliyeshinda.

Miaka ile baada ya vita ilikuwa kilele. Mwaka 1949 kulikuwa na ligi ndogo 59, na watu karibu milioni 40 walilipa kiingilio. Kisha ikaja televisheni. Mtu wa mji mdogo, aliyekuwa akitoka jioni kwenda kuwatazama vijana wa kwao, sasa aliweza kukaa sebuleni akawatazama nyota wa New York bila kulipa senti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ligi hazikufika hata 20. Timu kubwa zikalazimika kuzisaidia zile zilizobaki, na mwaka 1963 ngazi zikapangwa upya. Huo ndio mwanzo wa mapatano ambayo Mzee aliyakuta: timu kubwa italipa wachezaji, mji na mwenye timu watashughulikia yote mengine.

Sasa niwasimulie ule usiku.

Jumamosi Kuu ya mwaka 1981, tarehe 18 Aprili, miaka 35 kamili tangu siku ile ya Robinson, Pawtucket waliwakaribisha Rochester Red Wings. Mzee alikuwa kijana mwenye watoto wadogo. Alipaswa kwenda kwenye Mkesha wa Pasaka pamoja na mkewe, lakini alimwomba radhi, akaahidi kwamba asubuhi atakuwa kanisani kabla ya kengele. Mchezo ulianza saa mbili na ushei usiku, kukiwa na baridi na upepo mkali, mbele ya watu 1,740. Mizunguko tisa ikaisha timu zikiwa 1 kwa 1. Ukaongezwa wa 10, wa 11, wa 15, wa 20. Katika mzunguko wa 21 Rochester walipata pointi, na watu wakaanza kukunja mablanketi. Ndipo Pawtucket nao wakapata pointi, na yote yakaanza upya. Wachezaji waliwasha moto wa magongo yaliyovunjika ili wapate joto. Kulikuwa na kanuni ya kuzuia mzunguko mpya usianze baada ya saa saba kasorobo hivi usiku, lakini kwa bahati mbaya, au nzuri, kifungu hicho kilikuwa hakimo katika kitabu cha waamuzi mwaka ule, nao wakaendelea.

Mzee aliondoka baada ya mzunguko wa 21. Saa saba ilikuwa imepita, na ahadi kwa mkewe ilimchoma. Mchezo ulisimamishwa saa 10 na dakika 7 alfajiri, Jumapili ya Pasaka, baada ya mizunguko 32, ukiwa 2 kwa 2. Watazamaji waliobaki walikuwa 19. Walihesabiwa, wakapewa vibali vya kuingia uwanjani, na idadi yao imeingia katika vitabu vya historia.

"Mimi ni mmoja wa wale 1,721," Mzee alikuwa akisema. Alikuwa ameipiga hesabu. "Nilikosa mkesha mmoja kwa ajili ya mwingine, na huo mwingine nao nikaukesha nusu." Mkewe, ambaye sikubahatika kumkuta hai, hakuacha kumtania kwa jambo hilo.

Mchezo ulimaliziwa tarehe 23 Juni mwaka uleule. Ligi kuu ilikuwa katika mgomo wa wachezaji, kwa hiyo waandishi wa habari waliokosa kazi walimiminika Pawtucket, na uwanja ukajaa. Mzee alikuwapo. Ilichukua dakika 18. Katika mzunguko wa 33 kijana aitwaye Dave Koza alipiga mpira uliomrudisha mwenzake nyumbani, na Pawtucket wakashinda 3 kwa 2. Haujatokea mchezo mrefu kuliko huo katika besiboli ya kulipwa.

Katika mchezo ule walikuwamo vijana wawili, Wade Boggs wa Pawtucket na Cal Ripken wa Rochester, ambao baadaye waliingia katika Jumba la Heshima la besiboli. Lakini Koza, aliyeumaliza, hakupata kuitwa ligi kuu hata siku moja. Mzee alimpenda Koza. Katika chumba chake cha kulala hakukuwa na picha ya Boggs wala ya Ripken.

Nimejiuliza mara nyingi juu ya akina Koza, kwa maana wao ndio wengi. Kwa miaka mingi walilipwa kidogo mno. Hata mwaka 2018 Bunge la Marekani lilipitisha, ndani ya sheria kubwa ya bajeti yenye kurasa zaidi ya 2,000, kifungu cha kuwaondoa wachezaji wa ligi ndogo katika ulinzi wa kima cha chini cha mshahara. Vijana walilala wanne au watano katika chumba kimoja, wakala walichopata, huku timu zilizowamiliki zikiwa na thamani ya mamia ya mamilioni ya dola. Sioni namna ya kulitetea jambo hilo, na sijakutana na aliyeweza. Baadhi yao walikuwa wamefungua kesi tangu 2014. Mwaka 2022 ligi kuu ilikubali kulipa dola milioni 185 kuimaliza. Mwaka huohuo wachezaji wa ligi ndogo walijiunga na chama cha wafanyakazi cha wenzao wakubwa, na Machi 2023 wakapata mkataba wao wa kwanza wa pamoja. Mchezaji wa ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo, aliyekuwa akipata dola 17,500 kwa mwaka, sasa kima chake cha chini kikawa dola 35,800. Si utajiri kwa maisha ya kule, lakini ni mshahara. Natamani Koza na wenzake wangezaliwa miaka 40 baadaye.

Kwa wachezaji, basi, mambo yamekuwa afadhali. Kwa miji siwezi kusema hivyo.

Mwenye timu ya Pawtucket tangu 1977 alikuwa Ben Mondor, aliyepata mali yake katika biashara ya nguo. Aliikuta timu imefilisika, akaifufua kwa kuweka viingilio vya chini ili mfanyakazi aje na watoto wake wote. Niliwaona watoto hao. Kwa kuwa viti vilikuwa juu ya mabanda ya wachezaji, walikata chupa za maziwa za plastiki, wakazifunga kamba, wakatia ndani mpira na kalamu, wakaziteremsha kama wavuvi. Mchezaji aliye chini akatia saini na kuvuta kamba mara moja. Sijaona uvuvi mzuri kama ule. Mondor alifariki mwaka 2010. Mwaka 2015 timu iliuzwa, na wenye timu wapya wakataka uwanja mpya utakaojengwa kwa sehemu na fedha za umma. Mazungumzo yakavutana. Agosti 2018 ikatangazwa kwamba timu itahamia Worcester, jimbo jirani la Massachusetts, baada ya msimu wa 2020.

Mzee aliupokea uamuzi huo kwa utulivu kuliko nilivyotazamia. Alikuwa na umri wa kutembea kwa fimbo, na aliniambia kwa simu kwamba amekwisha kuupanga msimu wa kuaga: atakwenda kila mchezo wa Jumamosi, na ule wa mwisho atabaki mpaka taa zizimwe, ili alipe deni lake la mwaka 1981. Kisha ikaja korona. Tarehe 30 Juni 2020 msimu wote wa ligi ndogo ulifutwa. Wakati ule wenye timu waliweka meza juu ya nyasi za McCoy, wakauza chakula cha jioni kwa wanaotaka kuketi mara ya mwisho. Binti yake alimpeleka. Aliponipigia usiku ule hakuwa na maneno mengi. "Mwanangu," aliniambia, "safari hii hata mzunguko wa kwanza hawakutupa."

Desemba mwaka huohuo ligi kuu, baada ya mapatano ya zamani kwisha, ilitangaza kwamba timu zenye ulezi wake zitakuwa 120 badala ya 160. Worcester ilikuwamo. Miji mingine zaidi ya 40, mingine iliyokuwa na timu kwa vizazi vitatu, iliarifiwa kwamba haihitajiki. Waliobaki walipewa leseni za miaka 10, zitakazokoma 2030, na kutakiwa kukarabati viwanja kwa viwango vipya. Hapo ndipo ilipo hatima ya ligi ndogo. Kampuni moja, Diamond Baseball Holdings, imekwisha kununua timu zaidi ya 40. Ligi kuu yazitumia ligi hizi kama maabara: saa ya kumhimiza mrushaji ilijaribiwa huko kabla ya kuingia ligi kuu mwaka 2023, na vilevile mitambo ya kuamua kama mpira umepita mahali pake. Na tangu 2018, mchezo wa ligi ndogo ukivuka mizunguko tisa, kila mzunguko wa nyongeza huanza na mkimbiaji aliyekwisha kuwekwa kwenye kituo cha pili, ili mshindi apatikane upesi. Maana yake ni kwamba usiku kama ule wa Pawtucket umefungiwa mlango. Ninaelewa sababu, mikono ya warushaji ni mali, na watu wana kazi asubuhi. Lakini Mzee aliiona kanuni hiyo kuwa tusi kwake binafsi.

Sidhani kwamba miji itaacha besiboli. Savannah, huko Georgia, walikimbiwa na timu yao baada ya msimu wa 2015 katika uwanja wa tangu 1926. Mwaka uliofuata wakaanzisha ya vijana wa vyuo, Savannah Bananas, ambayo leo ina vituko vyake na kanuni zake, na inajaza viwanja vya ligi kuu yenyewe. Hailei wachezaji wa mtu yeyote. Hofu yangu ni kwa miji isiyo na mbunifu wala bahati, itakayoletewa hesabu ya ukarabati mwaka 2029 na kuambiwa ichague kati ya uwanja na shule.

Nilimjibu yule binti, nikamuuliza Jumamosi hizi wanakwenda wapi. Akanijibu kwamba Mei 2025, miezi michache tu baada ya McCoy kuanza kuvunjwa, ulifunguliwa uwanja mpya kando ya mto hapohapo Pawtucket, nao ni wa soka, wa timu iitwayo Rhode Island FC. Mwanawe haukosi mchezo hata mmoja, na huvaa kofia ya zamani ya babu yake. Akaongeza kwamba Machi mwaka ule wamiliki wa ligi hiyo walipiga kura kukubali utaratibu wa kupanda na kushuka daraja, jambo geni kabisa katika michezo ya kulipwa ya Marekani, na kijana anataka nimweleze linafanyikaje.

Nimeanza kumwandikia. Tuonane juma lijalo.